Kahawa ya Mgeni

Kompyuta ya marehemu Rutashobya ilirudi Bukoba imepakatwa kama mtoto mgonjwa. Felicitas, mdogo wake, alikaa mbele ya pikapu na sanduku la chuma mapajani, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alilikumbatia akalipa pole. Mwalimu mzima wa darasa la sita, mwenye cheti ukutani, akilipa pole sanduku la chuma kutoka Muleba mpaka mtaa wa Bilele mjini. Dereva wa pikapu alimtazama mara moja kwa jicho la pembeni, kisha akaona heri ashughulike na barabara. Kando yao, amebanwa na mlango, alikaa mama yao, Skolastika, ameshika kifurushi kidogo cha majani makavu ya migomba, kimya kama alivyokuwa tangu mazishi.

Ilikuwa lazima kompyuta hiyo iwake siku hiyohiyo. Haikuwa yao. Ilikuwa mali ya mradi wa watafiti waliozunguka Kagera kuuliza watu habari za ule ugonjwa, na Rutashobya, aliyefundisha sekondari mjini na kuishi Kahororo, alikuwa akiwasaidia wakati wa likizo. Walimwazima mashine ili aandikie. Naye akaugua ugonjwa uleule aliokuwa akiwaulizia wenzake, akafa, na sasa mradi ulikuwa unafunga virago. Walikuwa wameleta ujumbe kwamba gari lao litapita kwa fundi Bilele jioni kuichukua, ipelekwe Mwanza, ifutwe kila kilichomo, apewe mtu mwingine. Felicitas hakuitaka mashine. Alitaka hadithi iliyokuwa ndani yake.

Hadithi yenyewe ilianzia vitani. Mwaka ule majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, Skolastika aliwashika mikono watoto wake wawili akatoka nao mjini kwa miguu kwenda kwao Muleba. Walilala kwenye mashamba ya kahawa ya watu wasiowajua. Mizinga ikilia nyuma yao, yeye aliwasimulia habari za msichana aliyetumwa moto, na kila mzinga ulipolia alipandisha sauti kidogo ili wamsikie yeye tu. Walifika nyumbani kabla hadithi haijafika mwisho. Hapo yakaja mengine. Baba hakurudi, kahawa ikaozea mitini kwa kukosa wachumaji, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mama yule msichana aliishia wapi.

Rutashobya alimuuliza miaka mingi baadaye, akiwa kitandani Kahororo, amebaki macho na mifupa. Mama alikuwa amehamia kwake kumuuguza. Akaianza hadithi upya, kidogo kila asubuhi, kwa Kihaya, na mwanawe akaiandika kwenye kompyuta, kibodi imewekwa juu ya mto. Lakini walipoukaribia mwisho mama akanyamaza. Akasema mwisho atampa akipona. Felicitas alikuwepo siku hiyo, amekuja na uji, akamwona kaka yake akicheka mpaka akakohoa, kisha akakubali. Felicitas alipomsihi angalau achapishe zile kurasa zilizokwisha, alikataa katakata. Hadithi haichapishwi bila mwisho wake, akasema. Akafa bila huo mwisho.

Tangu hapo Skolastika hakusimulia tena kitu chochote. Ukimuuliza habari za msichana wa moto alisema hakumbuki, imekwenda na mwenyewe. Felicitas alimwamini, maana hata majina ya majirani yalikuwa yameanza kumpotea. Sasa hadithi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lile, na sanduku lilikuwa limegoma. Alikuwa amelijaribu wiki iliyopita shuleni kwao, kwa jenereta ya kuazima, likanguruma, likakwama, na mwalimu mkuu akasema mashine nyingine huwa zinakufa na wenyewe. Maneno hayo yalimkosesha usingizi.

Fundi waliyemwendea hapo Bilele aliitwa Masalu. Alikuwa Msukuma aliyekuja Bukoba kutengeneza redio, akaongeza taipureta, na tangu apate mafunzo Mwanza akaongeza kompyuta kwenye kibao chake kwa rangi nyekundu, ingawa kompyuta zenyewe mjini zilikuwa za kuhesabika. Alijisikia, wala hakuficha. Alipenda kusema Wahaya wamesoma kila kitu isipokuwa bisibisi. Felicitas siku nyingine angempa jibu la kumkaa, lakini siku hiyo alilimeza.

Masalu alichomeka waya, akabonyeza. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka, kioo kikapata mwanga, na juu pembeni tarakimu zikaanza kupanda mbio. Felicitas akauliza inahesabu nini.

"Kumbukumbu zake," Masalu akasema. "Kila ikiamka inazikagua kwanza, kama zote zipo. Ndipo ianze kazi."

Mwili ulimsisimka Felicitas. Yeye alijua tu kwamba mashine inaandika. Hakujua kwamba inaamka. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, mwanamke ambaye siku hizi kila akiamka amepungukiwa na jambo moja zaidi, akamwonea huruma.

Kisha ikatoka sauti ya kusaga. Krr, krr, krr. Ikanyamaza, ikarudia. Alama ndogo ilibaki ikipepesa kwenye kioo kitupu, na hakuna kilichofuata.

Masalu alianza na umeme, kwa sababu umeme wa Bukoba ulikuwa umemzoesha kuushuku. Akachomeka stabilaiza yake nzito, akawasha tena. Tarakimu zikapanda, kusaga kukaanza, kioo kikabaki kitupu. Akasema basi ni barabara ya Muleba, imetingisha mpaka kitu kimechomoka. Akazima, akachomoa waya, akafungua skrubu za nyuma, akavuta bati.

Felicitas alisogea bila kujua kwamba anasogea. Hakuwahi kuona ndani. Kulikuwa na ubao wa kijani uliojaa vijumba vyeusi vimepangana, na kati yao njia nyembamba za kung'aa zinazopinda, zinazokutana, zinazozungukana bila kugusana, kama mji unaoutazama kutoka mlimani asubuhi. Vumbi jekundu la kwao lilikuwa limetanda juu ya paa zote. Kaka yake alikuwa amepitisha sauti ya mama humo, kwenye njia hizo zisizo na upana wa unywele, na sauti ikakubali kukaa. Alitaka kupiga ishara ya msalaba, akaona haya mbele ya fundi, akaipigia moyoni.

Masalu alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Akatoa mabua matatu ya nyasi, akayanyanyua juu akiuliza kama mashine ilikuwa imefugwa na mbuzi. Felicitas akaeleza kwamba baada ya mazishi vitu vyote vya marehemu vilipelekwa kijijini, na kompyuta iliwekwa sebuleni, kwenye meza ya wageni, mama akawa akitandaza nyasi mbichi chini yake na kuifunika kitambaa cha kufuma. Kijijini hakukuwa na umeme. Ilikaa hivyo masika yote. Masalu akacheka, akasema hata padri hapokelewi hivyo. Skolastika pale kwenye benchi hakucheka.

Akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, akavirudisha mpaka vikalia ta. Akawasha. Kusaga kukaendelea. Akakaza waya huu, akachomoa ule, akabadilisha kibodi, na kila mara ilikuwa vilevile, tarakimu zikipanda zote bila kukosa hata moja, halafu krr, krr, halafu giza. Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa za bati na kuanza kuelekea upande wa pili. Majigambo ya Masalu yalipungua kadiri jasho lilivyoongezeka. Hatimaye aliweka bisibisi chini, akasema kwa sauti ya chini kwamba ndani kuna sahani inayozunguka, ndiyo iliyoshika maandishi yote, na kama sauti ile ya kusaga inatoka huko, basi mwalimu ajiandae.

Felicitas alikalia ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alifikiri tu jinsi watu wanavyoweza kufa kidogokidogo hata baada ya kuzikwa, na akamkasirikia kaka yake kwa ukaidi wake wa kungoja mwisho, na akamkasirikia mama kwa kuunyima, kisha hasira zote mbili zikamwishia.

Masalu aliinamisha sikio mpaka likakaribia kugusa chuma. Akawasha mara nyingine, akafumba macho. Kusaga kulipoanza, uso wake ulibadilika. Akaweka kidole mbele ya sanduku, kwenye ule mwanya wa kuingizia disketi, akausikia ukitetema.

Hapo akafurahi kama aliyeokota kitu. Akamweleza Felicitas kwamba sahani ya ndani haina neno, sauti inatoka mdomoni. Mashine hii kila ikiamka, baada ya kuhesabu kumbukumbu zake, huwa inatazama kwanza mdomoni kama kuna mtu ameiwekea kitu, na ikikuta hakuna ndipo inaingia tumboni kutafuta vilivyo vyake. Sasa mdomo umekwama. Inatazama, haioni vizuri, inatazama tena, na haitaingia ndani mpaka ijibiwe.

Sauti ikatoka kwenye benchi. "Inatazama kwanza kama imepewa kitu?"

Ilikuwa mara ya kwanza Skolastika kufungua mdomo tangu Muleba. Masalu akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, mama, ndivyo ilivyoumbwa. Skolastika akainama akatazama kifurushi chake cha majani ya migomba.

Fundi akafungua skrubu mbili, akauchomoa mdomo mzima, akaufunua kifuniko. Akachungulia. Akachukua kibano, akakiingiza taratibu, na kilipotoka kilikuwa kimeshika kitu cheusi kidogo kilichokunjamana. Akatoa kingine. Na kingine, hiki kimepasuka na kujibana kwenye reli ambako kichwa cha kusomea kinateleza.

Alianza kufoka. Akasema ni watoto hawa, hakuna kitu watoto wasichotia mahali, na mwalimu mwenyewe ndiye angepaswa kujua. Lakini Felicitas alikuwa ameshasikia harufu. Ilikuwa harufu ya kahawa iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yake ya kunukia, ikakaushwa juani. Harufu ya sebule yao, ya kila mgeni aliyewahi kukaribishwa humo. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile wanayoiita akamwani, ambayo nyumbani kwao mgeni huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa hata habari ya safari. Akageuka polepole kwenye benchi.

"Ni mimi," Skolastika akasema.

Masalu akabaki na kibano hewani. Felicitas akamwendea mama yake akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa nini.

"Mwana wange, wewe ulikuwa Muleba na wanafunzi wako, hukuona," Skolastika akasema. Aliongea bila kuinua sauti, kwa Kiswahili, ili na fundi asikie. "Walimu wenzake waliacha kuja. Wa kwaya wakaacha. Ndugu za baba yake walifika mpaka kwenye migomba, wakaita wakiwa hukohuko, wakaenda zao. Huyu hapa mezani peke yake ndiye aliyekaa naye. Alimwangazia uso mpaka siku ya mwisho. Halafu ananijia nyumbani, nisimpe hata kahawa?"

Mtaani mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Nilitafuta kiganja chake nikakosa," akaendelea. "Nikaona mdomo."

Felicitas alilaza kichwa mapajani mwa mama yake. Miezi yote ile alikuwa amedhani mama anapotewa na akili, na kumbe alikuwa anaonyesha adabu, adabu ambayo ukoo mzima, na yeye mwenyewe kwa kuja Jumapili kwa Jumapili na uji wake, walishindwa kuionyesha. Aliona haya, na juu ya haya aliona kitu kikubwa zaidi ambacho hakuwa na jina lake, kitu kama kile alichokisikia alipoona njia za kung'aa ndani ya sanduku. Alimjua mwanamke huyu maisha yake yote na hakuwahi kufunua bati akaona ndani.

Masalu akasogea mezani. Kisha akachukua punje moja iliyokuwa nzima, akaipangusa kwenye shati lake, akaitia kinywani na kuitafuna, vumbi na yote.

"Nimeipokea kwa niaba yake, mama," akasema. "Asante sana."

Akasafisha reli kwa spiriti na pamba, akaijaribu kwa kidole mpaka ikateleza, akaurudisha mdomo mahali pake. Alipokuwa akiunganisha waya wa mwisho, honi ikalia nje. Lilikuwa gari la mradi. Dereva akaingia akitazama saa, akasema ana safari ya kuwahi meli, na mzigo uko wapi.

Felicitas akaitazama kompyuta, bado haijawashwa. Lakini Skolastika alikuwa ameshasimama. Akafungua kile kifurushi, akachukua punje za kahawa, akamwendea dereva na kumwekea kiganjani kwa mikono miwili, akimpa pole ya safari. Dereva alikuwa mtoto wa Kihaya, jina lake Mutembei, na alijua vizuri sana alichopewa. Mtu aliyepokea kahawa ameshakuwa mgeni, na mgeni hasimami mlangoni akitazama saa. Akavua kofia, akaketi kwenye benchi, akaanza kutafuna, uso wa mtu aliyekamatwa.

Masalu akabonyeza.

Tarakimu zikapanda. Felicitas alizifuata zote, midomo ikicheza, mpaka zilipotimia. Mdomo ukatoa mlio mfupi, safi, ukanyamaza. Kisha ndani kabisa kitu kikaanza kulia taratibu, tiki tiki tiki, mlio ambao Felicitas aliukumbuka kutoka chumba cha Kahororo, na kioo kikajaa maandishi. Masalu aliandika maneno mawili matatu ya kazi yake, akabonyeza, akajitoa kwenye kiti bila kuambiwa ili mwenyewe akae.

Maandishi yalikuwa ya Kihaya. Felicitas alianza kusoma kwa sauti na sauti haikumtosha, akaanza tena. Mvua ilikuwa imezima moto wa kijiji kizima, moto ukabaki kisiwani Bumbire peke yake, ng'ambo ya maji, na mama akamtuma binti yake akauchukue. Rutashobya hakuwa ameandika hadithi tu. Alikuwa ameandika kila kitu, na mama amemwita Mawe, kwa Kihaya, kama walivyomwita nyumbani. *Hapa Mawe amekohoa. Hapa ameenda kutazama ndizi jikoni, amerudi, anasema zimeungua kwa ajili yangu. Hapa ananyamaza, nadhani analia, sitazami.* Msichana alipewa kaa moja la moto kwenye kigae, akapanda mtumbwi kurudi, na mawimbi yakawa yanamwomba kila moja kitu chake.

Skolastika alikuwa amesogea. Alikuwa anajua kusoma, kitabu cha nyimbo za kanisani alikimaliza kila mwaka, lakini maneno yake mwenyewe hakuwahi kuyaona yamesimama mbele yake. Akanyoosha mkono akagusa kioo, kikamrushia cheche ndogo, na nywele za mkono wake zikasimama zote. Hakuutoa mkono.

"Ni mimi huyo," akasema. "Ananisema mimi."

Felicitas akasoma mpaka katikati ya ziwa, msichana hana tena cha kuyapa mawimbi, maji yanarukia kigae, moshi umekoma. Hapo hadithi ikakatika. Chini yake palikuwa na mstari mmoja. *Mawe amesema mwisho nitaupata nikipona. Nangoja.*

Feni iliendelea kuvuma. Mutembei alikuwa ameacha kutafuna.

"Andika," Skolastika akasema.

Felicitas aliweka vidole kwenye kibodi. Alijifunza kupiga taipureta kwa masista zamani, na vidole vilikumbuka. Mama alisimama nyuma yake, mkono mmoja begani kwake, akaanza kusema kwa Kihaya, pole kwa pole, kwa sauti ile ya kwenye mashamba ya kahawa, hana wasiwasi hata wa neno moja. Msichana alifika pwani. Watu wote walikuwa wamesimama wanangoja moto. Akatazama kigae, akaona jivu tupu, jivu baridi lililolowa. Watu wakamlaumu, kisha wakaondoka mmojammoja. Akabaki na mama yake. Akaona haya, akatia kidole kwenye jivu alimwage.

Skolastika alingoja vidole vya binti yake vimfikie.

"Likamuunguza," akasema. "Basi. Hapo ndipo inapoishia."

Kila herufi ilitokea kwenye kioo ikiwa na mwanga wake. Masalu alijifuta uso kwa kitambaa cha grisi. Kisha akaonyesha kitufe cha kuhifadhi, na Felicitas akahifadhi, na fundi akatafuta disketi mpya akaisukuma mdomoni, na safari hii mdomo ukaipokea na kuizungusha vizuri, ukitoa mlio kama wa kuridhika. Mutembei akainuka kwenye benchi, akasema kwa adabu kwamba mama wasiharakishe, meli itakwenda itakapokwenda.

"Lile neno lake," Skolastika akasema. "La mwisho. Bado lipo?"

"Lipo, Mawe. Nangoja."

"Lifute. Asingoje tena."

Felicitas hakuweza mara moja. Lilikuwa neno la mwisho la kaka yake duniani. Akautazama mkono wa mama begani kwake, kisha akasogeza ile alama inayopepesa mpaka nyuma ya neno lile, akabonyeza, na herufi zikaondoka moja baada ya nyingine mpaka pakabaki patupu.